Saa Moja na Robo

Dubai, 11 Mei 2025

Baba Caren,

Salamu. Mimi niko, mwili ni mzima. Nimeamua turudi kwenye barua pepe kwa sababu kwa simu tumeshindwa. Za WhatsApp huku hazipiti, na siku tunapopatana kwa ile programu ya kulipia, wewe unasema halo, mimi nasema halo, halafu tunasikilizana tukipumua mpaka bando inaisha. Kwa barua angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Nina habari. Madam amesema Julai familia yote inakwenda Vienna, Austria, kukimbia joto. Kila mwaka watu hawa huhama hivyo, nyumba inabaki na mlinzi na maua. Mwaka huu nami nimo kwa sababu ya Ghanim, kitinda mimba wao. Ana miezi saba na hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Jana tulipelekwa kutoa alama za vidole kwa ajili ya visa. Pasipoti zote anazishika madam, na huko pia atazishika yeye.

Mimi jiografia niliiacha kidato cha pili. Joweria, yule Mganda niliyekuwa nikikaa naye International City kabla ya kuhamia kwa madam, anasema Austria na Poland ni majirani. Ni kweli? Wewe uko mbali na hiyo Vienna?

Nauliza kwa sababu ya jambo letu. Tangu tumzike mtoto Februari. Yaani, tangu wamzike kule nyumbani Butere, maana wewe na mimi hatukuzika. Wewe kazini walikunyima ruhusa, mimi pasipoti ilikuwa imepelekwa kubadilishwa visa. Niliangalia mazishi kwenye simu ya Joweria, picha ikakwama pale mchungaji alipoinua mkono. Iliporudi, watu walikuwa wameketi wanagawiwa chai.

Mama yako amenikumbusha tena. Unajua mwenyewe, kwetu baba na mama wa mtoto hunyolewa siku moja, mahali pamoja, na kabla ya hapo matanga hayajavunjwa, hata kama waombolezaji walishakunja mikeka na kwenda zao. Anasema hawezi kutunyoa kwa simu, lakini tukikutana popote, hata kwa wazungu, tunyoane sisi kwa sisi naye ataridhika. Mwaka wa tatu huu sijakuona. Nijibu kama ni mbali au si mbali, nijue kama niwe na matumaini au niendelee na kazi.

Wako,
Agneta


Warsaw, 15 Mei 2025

Agneta mpenzi,

Si mbali! Nimesoma barua yako wakati wa mapumziko, nikaingia mtandaoni papo hapo na glavu mkononi. Kutoka uwanja wa ndege wa Warsaw mpaka ule wa Vienna ni kama kilomita mia tano na sitini kwa njia ya angani. Ni Nairobi na Mombasa, uongeze kipande. Ndege inachukua saa moja na robo, na hiyo robo nadhani ni ya kutafuta pa kuegesha. Unafunga mkanda, wanakuletea maji, ukimaliza maji umefika.

Mwambie Joweria si majirani, katikati kuna Wacheki. Kwa basi ni safari ya kutwa. Lakini nani atapanda basi wakati ndege zipo, za asubuhi, za mchana na za jioni? Ninyi kutoka Dubai mtakuwa angani kama saa sita. Wewe ndiye unayesafiri. Mimi nitakuwa kama mtu aliyevuka barabara kununua mkate.

Kazi bado ni ileile ya uyoga. Tunauchuma ndani ya vyumba vya giza na baridi, na taa kwenye paji la uso. Uyoga hauna Jumapili wala Krismasi, unaota tu. Severin, yule Mtanzania wa Bukoba tunayekaa chumba kimoja, anakusalimu.

Wembe hauruhusiwi kwenye mkoba wa ndege, kwa hiyo nitanunua hukohuko Vienna. Mama nimeshamweleza. Wewe omba ruhusa ya siku moja tu, mengine niachie mimi.

Mumeo,
Linus


Dubai, 2 Juni 2025

Baba Caren,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ina kilomita, ina mkanda, ina maji. Haina Caren. Na tangu lini mimi nikawa Agneta mpenzi? Tangu azaliwe umekuwa ukiniita Mama Caren, hata tukigombana. Au kufa kwake kumeninyang'anya na jina?

Basi, si ugomvi. Nakueleza tu hali ilivyo. Nywele zangu zimekuwa kichaka. Sijasuka wala kuchana vizuri tangu Februari, maana anayengoja kunyolewa hajipambi. Nafunga kitambaa asubuhi mpaka jioni. Madam ananiangalia kichwa halafu anaangalia pembeni. Ni mtu mwenye adabu, sitamsingizia.

Kuna jambo moja nakuambia wewe kwa kuwa sina mwingine. Sijalia. Siku ile ya simu sikulia, na baadaye pia sikulia. Namwogesha Ghanim, nampaka mafuta, namwimbia zilezile nilizomwimbia Caren, na ndani kimya. Ni kama jino lililodungwa ganzi. Unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, basi. Joweria, kwa dini yake ya Kiislamu, anasema ni subira, nimshukuru Mungu. Mimi sioni kama ni subira. Naogopa, Linus. Mama gani asiyemlilia mtoto wake?

Nadhani nikikuona nitalia. Una mdomo wake. Ndiyo sababu nataka uje, si kwa mapenzi, usijitie kichwa kikubwa. Nitumie picha ya tiketi nikaiangalie.

Mama Caren


Warsaw, 19 Juni 2025

Mama Caren,

Nimekuita. Usinikasirikie, jina lile nikitaka kuliandika vidole vinakataa, ndipo nakimbilia kilomita.

Tiketi nitachukua karibu na siku yenyewe, madam akishakupa ruhusa ya uhakika. Lakini usiwe na shaka, ile ndege ya mchana nimeshaizoea. Kuna programu ya simu inayoonyesha ndege zote duniani, kila moja kama inzi wa njano anayetambaa kwenye ramani. Naifuatilia kila siku. Inapaa, inakata kona juu ya Wacheki, inashuka Vienna. Juzi ilichelewa kwa mvua nikawa na wasiwasi kana kwamba nimo ndani. Severin ananicheka, anasema nimeoa ndege.

Nisikilize vizuri. Ukifika uwanjani, simama pale watu wanapotokea na mabegi yao. Usipande juu, usiende kwenye maduka, usiulize watu. Ndege ya Warsaw ikishatua, angalia ule mlango tu. Nitakuwa miongoni mwa wanaotoka.

Na kuhusu kulia, mimi pia sijui. Nachuma uyoga. Siku ile ya mazishi nilichuma makreti mengi kuliko watu wote, msimamizi akanipigia makofi.

Linus


Vienna, 13 Julai 2025

Baba Caren,

Tumefika salama. Hapa hewa ni ya kupendeza, na barabarani kuna farasi wanaovuta watalii. Watu wa Ghuba wamejaa, na kila bustani utamkuta Mfilipino au mwenzetu Mwafrika akisukuma kigari cha mtoto wa watu. Tunasalimiana kwa macho tukipishana.

Ruhusa nimepata. Ni Jumapili ijayo, tarehe ishirini. Nilimwambia madam mume wangu anakuja kwa ndege kutoka Warsaw. Akauliza ni mbali kiasi gani, nikasema saa moja na robo. Akacheka, akasema, "Hiyo ni kama kwenda Abu Dhabi. Yalla, nenda, lakini Maghrib ikukute nyumbani." Alinionyesha mwenyewe treni ya kwenda uwanjani na akanipa kopi ya pasipoti. Ukiwa na madam mbaya unajua la kumsema. Huyu ananishinda.

Leo nimefungua kitambaa mbele ya kioo, nikajitazama. Nimekuwa mtu mwingine. Njoo uninyoe.

Mama Caren


Vienna, 20 Julai 2025

Linus,

Ndege ilitua kwa wakati. Nakuambia kwa kuwa unapenda habari za ndege.

Nilisimama palepale uliponiambia. Sikupanda juu, sikwenda dukani, sikuuliza mtu. Mlango ukafunguka, akatoka mzee na fimbo, wakatoka wasichana wa timu fulani wenye sare, akatoka baba amembeba mtoto shingoni. Akatoka Mwafrika mmoja mrefu nikapiga hatua mbele, kumbe anangojewa na mzungu wake. Wakakumbatiana karibu wanikanyage. Kisha wakaanza kutoka watu wa ndege nyingine, wenye kofia za jua. Nikasema labda begi limepotea. Nikasema labda umekosea ndege, nikangoja ya jioni. Ya jioni nayo ilitua kwa wakati. Nimekupigia mpaka simu imezima.

Ingekuwa mbali ningekuelewa. Dubai na Butere ni mbali, na hilo nimetusamehe sote wawili. Lakini saa moja na robo, Linus! Hakuna mtu anayeshindwa na saa moja na robo. Hapo mtu anakuwa amekataa. Akufukuzaye hakwambii toka, nami nimesikia. Kama una mwanamke huko, mnyoane naye.

Sina hasira hata. Nimerudi kabla ya Maghrib kama nilivyoagizwa, nimembadilisha Ghanim nepi, nimemlisha. Khalas. Usinitafute.

Agneta


Dubai, 24 Agosti 2025

Linus,

Tumerudi Dubai. Sikuwa nimekusudia kukuandikia, ila mama yako amenipigia akilia. Anasema hakupati tangu katikati ya Julai, na ule ujumbe wa simu unaosema mteja hapatikani ameshaukariri kwa Kipolandi. Amezika mjukuu mwaka huu. Usimfanye mzee aanze kutafuta mwili wa pili.

Mimi usinieleze chochote. Mwambie yeye tu kwamba uko hai.

Agneta


Kituo cha wahamiaji, Poland, 2 Septemba 2025

Mama Caren,

Niko hai. Hapa tunapewa kompyuta kwa zamu, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuweza kuandika nikiwa peke yangu. Simu yangu walichukua. Barua zako mbili nimezisoma leo kwa mkupuo, ya Vienna nikairudia.

Sina mwanamke. Sina hata karatasi. Kibali changu cha kukaa kiliisha mwaka jana mwezi wa Novemba, na wakala aliyesema anakishughulikia alihama ofisi, akabaki mlango mtupu. Sikukuambia. Nilisema nitakuambia kikishapatikana. Halafu Caren akafa, na kazini hawakuninyima ruhusa, mke wangu, mimi ndiye sikuomba. Ningetoka nisingerudi, na nilidhani bado kuna kitu cha kurudia.

Mtu asiye na kibali hapandi ndege. Hata hiyo ya saa moja na robo. Kwa hiyo nilipanga kupanda basi la Jumamosi jioni, nifike Vienna asubuhi, niende uwanjani, nijichanganye na abiria, nitokee pale mlangoni kama mtu aliyeshuka kwenye ndege. Hata begi la magurudumu niliazima kwa Severin. Nilitaka unione nikitoka kama mwanaume aliyefanikiwa kidogo. Zile ndege nilizijua kuliko marubani wake, na sikuwahi kupanda hata moja.

Polisi walipanda basi kabla hatujavuka mpaka wa Wacheki. Waliangalia kila mtu, wakafika kwangu. Wembe ulikuwa mfukoni mwangu, nimeshaununua, wakauona na wakauliza ni wa nini. Nikawaambia ni wa kumnyoa mke wangu. Waliandika kitu, wakacheka, lakini si kwa ubaya.

Wananirudisha Kenya. Tarehe ni Alhamisi ya ishirini na tano mwezi huu. Ndege inapita Dubai. Nitakaa hapo saa kadhaa na walinzi wawili, halafu Nairobi. Nimewauliza kama naweza kuonana na mke wangu Dubai, wakasema kwenye ndege za kuunganisha mtu hatoki nje.

Nywele zangu bado ninazo. Wenzangu hapa wananiita nabii. Nikifika nyumbani mama atataka kuninyoa siku hiyohiyo, na sitakubali. Nitakungoja mpaka mkataba wako uishe, hata kama ni mwaka kesho kutwa, tunyolewe pamoja. Hilo tu ndilo sijaliharibu.

Linus


Dubai, 27 Septemba 2025

Baba Caren,

Natumaini umefika. Kuna mambo mawili.

La kwanza, Alhamisi nilikuja uwanjani. Nilimwomba madam nusu siku, nikapanda metro mpaka Terminal 3, nikakaa pale wanapongojewa wageni, na kahawa ambayo sikuinywa. Nilijua hutatokea. Hii ni mara ya pili nakungoja uwanjani, na safari hii nilijua huji, ikawa rahisi. Niliangalia ubao mpaka ndege yenu kutoka Warsaw ikaandikwa imetua, nikajua sasa uko humu ndani. Tulikuwa jengo moja, Linus. Labda ulikuwa umeketi juu yangu, labda nyuma ya ukuta. Sikuhisi kitu. Nilikaa mpaka ndege ya Nairobi ikaondoka, nikarudi kupika.

La pili ni gumu. Unasema nywele unazo, unaningoja. Mimi sina. Usiku ule wa Vienna niliingia bafuni na mashine ya kunyolea ya sir, mume wa madam, nikazimaliza zote. Nilinyoa kwa hasira, si kwa msiba. Nilipomaliza sikujua nilikuwa nikivunja matanga ya nani, ya Caren au yako. Asubuhi madam aliniona akashika mdomo, kisha akaniletea shampoo ya chawa. Nikasema asante, madam.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani hapakuwa na wa kuambiwa. Ungeniambia habari ya kibali, ningekuja mimi kwenye hilo basi kukushika mkono. Sasa jambo moja tuliloombwa na mama yako nimelikata katikati, na maji yakimwagika hayazoleki. Nyolewa. Usiningoje. Hakuna cha kungoja hapa.

Agneta


Butere, 5 Oktoba 2025

Mama Caren,

Nimefika, na nimekwenda kumwona. Wamemweka nyuma ya jiko, karibu na pale alipokuwa akipikia tope. Ni padogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kaburi, sikuwa nimejiandaa kwa udogo wake.

Jioni ile wazee walikuwa wameshaketi, na ndugu yangu Walid akiwa na beseni la maji. Nikawaambia hapana, simnyimi mtu heshima, lakini namngoja mke wangu. Wazee wakanung'unika, wakaondoka.

Barua yako nimeisoma juzi nilipopata laini. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningenyoa mpaka nyusi. Nilikaa nayo siku nzima, mwishowe nikaona heri mama ajue. Nikamwambia, mkazamwana wako ameshanyoa, kanyoa peke yake ugenini, kwa sababu yangu.

Nilingoja alaani. Akaniuliza swali moja tu: "Nani alizikusanya nywele zake?"

Sikuelewa. Akasema nywele za msiba hazitupwi. Anayenyolewa hushikiwa kitambaa, zikusanywe zote, zifukiwe karibu na marehemu. Zikizagaa, msiba nao unazagaa, unakufuata hata kazini. Wembe si kitu, anasema, wala mkono ulioushika, wala siku. Kitu ni nywele. Nimekaa miaka yote hii nikidhani ni siku. Anauliza nani alizikusanya, nami nakuuliza wewe.

Linus


Dubai, 12 Oktoba 2025

Baba Caren,

Mwambie mama zilikusanywa na mwenyewe.

Sikujua habari ya kitambaa. Niliokota tu. Nilizitupa kwenye pipa la jikoni, juu ya nepi, nikalala. Asubuhi nikitoa taka nikajikuta nimepiga magoti naziokota. Sijui kwa nini. Nilijiambia ni usafi, madam asizione. Lakini sikuzipeleka nje. Nilizitia kwenye pakiti tupu ya nepi za Ghanim, nikaisukuma chini kabisa ya begi, nikaruka nazo saa sita mpaka hapa. Ziko chini ya kitanda changu. Sijazifungua hata siku moja, na kufagia chumba nafagia nikizizunguka.

Siwezi kuja. Mkataba ni mpaka Machi 2027, na madam amesema Krismasi wanakwenda kwa dada yake. Lakini kuna Duncan wa Kakamega, anayefanya kazi hotelini Bur Dubai. Anakwenda likizo mwishoni mwa mwezi. Joweria amenipelekea pakiti mpaka kwake. Duncan alipoisikia ni nyepesi akauliza ni nini. Joweria akamwambia, "Ni nywele, wewe beba tu." Duncan akasema hakuna shida, kila safari anabebeshwa nywele za Dubai za kwenda kuuzwa saluni, na akauliza kama hizi ni za Brazil. Joweria alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniomba msamaha.

Mpigie akifika. Mwambie mama zimechanganyika na unga wa nepi, asishangae harufu.

Agneta


Butere, 2 Novemba 2025

Mama Caren,

Nimekutana na Duncan Kakamega, stendi. Alikabidhi pakiti kwa mikono miwili, nadhani alishaambiwa. Nilikuja nayo magotini. Ina picha ya mtoto wa kizungu anacheka.

Mama hakutaka wazee safari hii. Alitukalisha nyuma ya jiko, mimi, yeye na pakiti yako. Alitandika leso yake ya maua, ile ya kubebea Caren, akanikalisha juu ya kigoda, akaninyoa mwenyewe. Mikono yake inatetemeka siku hizi, amenikata mara mbili. Zangu zilipokwisha akafungua zako. Alizinusa. Akasema, "Mama Caren huyu," kana kwamba umeingia umeketi.

Halafu alizichanganya, zako na zangu, kwa vidole, taratibu, kama anayechambua mboga, mpaka ikawa huwezi kusema hizi za nani. Nilitaka kumsaidia akanipiga mkono. Tulichimba upande wa kichwani, tukaziweka, tukafukia. Mama akamwambia mtoto, "Wazazi wako wamefika. Walichelewa njiani, lakini wamefika wote wawili." Akaniambia matanga yamevunjwa, na nikuandikie leo, nisingoje kesho.

Mimi nililia nikiwa nafukia. Nililia vibaya, kwa kamasi, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Kichwa changu kina baridi. Sasa najua chako kilikuwa hivyo Julai, na hapakuwa na mtu.

Baba Caren


Dubai, 4 Novemba 2025

Baba Caren,

Barua yako niliifungua nikipiga pasi. Nilifika pale mama anaponusa, nikaendelea kupiga pasi. Nikafika pale anapomwambia mtoto tumefika wote wawili, nikaweka simu juu ya meza, nikachukua kandura nyingine ya sir, kanzu zao hizi nyeupe, nikaitandaza, nikanyoosha mkono wake mmoja. Wa pili sikuufikia.

Sikujua nina sauti ile. Madam alikuja mbio peku, akanishika mikono akaigeuza, akidhani nimeungua. Ghanim naye akaanza kulia huko aliko. Madam akaniuliza, "Agneta, nani? Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Caren."

Akasimama akinitazama, akifikiri. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayeogopa kumsahihisha mwenzake, "Lakini Agneta, hiyo ilikuwa Februari."

Nikamwambia, "Ndiyo, madam."

Akazima pasi, akaenda kumchukua mtoto wake, akaufunga mlango. Nami nikaendelea kulia.

Mama Caren